Eti Sijui Kuhesabu

Mimi nimeanza kuhesabu kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Leo najifunza kuandika programu za kompyuta, na mashine inayosahihisha mazoezi inaniambia sijui kuhesabu, tena kwa maandishi mekundu!

Swali lenyewe wameliita "la wanaoanza". Umepewa safu ya namba, useme ni ngapi ambazo mwenzao anayezizidi kwa 1 yumo humo humo. Safu ikiwa 4, 4, 5, jibu ni 2, maana kila 4 inaiona 5. Hiyo 5 haina 6 yake, ikae pembeni. Mpaka hapo mimi na mashine tunaelewana.

Habari ya waandishi wa programu kumwita wa kwanza kwenye safu namba 0 nimeshaimeza. Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, aliitetea mwaka 1982, na mimi sibishani na marehemu.

Basi nikaandika lupu, yaani amri zinazojirudia, ndani yake lupu nyingine: kila namba ipite kwa wenzake wote ikiuliza, "Jamani, yupo anayenizidi moja?" Mfano wa kwanza, kijani, yaani nimepata. Wa pili, kijani. Nikajiweka sawa kitini kama mgeni rasmi anayesubiri makofi. Likaja jaribio la siri: MUDA UMEKWISHA.

Muda upi? Nani alisema tuna haraka?

Mpwa wangu akachungulia. "Mjomba, hiyo safu ina namba 100,000."

"Ziwe hizo hizo."

"Na kila moja inauliza wenzake 100,000."

"Ziulize. Kuuliza si ujinga."

"Mjomba, hayo ni maswali bilioni 10. Umepewa sekunde moja."

Sasa si wangesema! Wameandika aya nzima ya kunikaribisha, sekunde wakaificha chini kwa herufi za sisimizi.

"Mjomba, zimimine zote kwenye seti, ni kama mfuko unaojibu papo hapo kama namba imo, halafu kila namba iulize seti mara moja tu."

Nikamimina. Seti nayo haina adabu: unaipa 4 mbili, inabaki na moja, nyingine haisemi imeipeleka wapi.

"Kwa hiyo nihesabu zilizobaki?"

"Hapana, mjomba. Unahesabu kwenye safu ile ile. Seti ni ya kuulizia tu."

Programu nzima mistari minne! Na mtoto anayasema haya huku anatafuna, skrini yenyewe haitazami!

Kijani tupu. Nikapewa hongera, na kabla sijavuta pumzi: "Sasa geuza safu kinyumenyume." Kwani ilivyokaa imemkera nani? Halafu feni ya hii kompyuta inavuma utadhani bilioni 10 zile bado inaziuliza. Na chaja nani kaichomoa? Wewe mtoto, hebu rudi hapa!