Nani Anachoma Ukoo Yangu?

Kompyuta yangu iliwahi kunuka senene, wale panzi wanaoliwa, wiki tatu mfululizo. Kwa mtu wa Bukoba kama mimi hiyo si harufu mbaya hata kidogo, ni harufu ya nyumbani. Ubaya ni kwamba nilikuwa nimepanga Masaka, Uganda, kwa mzee wa ukoo wa Senene, ambao mwiko wao ni kumla mdudu huyo.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za sherehe. Usiku ule nilikuwa na video ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba ukweni, ya saa tatu nzima, wasemaji wa pande mbili wanatupiana maneno hadi mbuzi wa mahari wamelala. Mteja aliitaka asubuhi. Mashine yangu nayo ni kikongwe: prosesa, yaani ubongo wake, ni Intel Core i5-2500K ya mwaka 2011, gigahezi 3.3. Ila hiyo K ya mwisho ndiyo utamu wake. Kiwanda kimeiacha bila kufuli, kwa hiyo unaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, unaipandisha mwendo mwenyewe. Mafundi wanaita kuovakloki.

Na nilifanya kwa adabu, hilo naomba lieleweke. Mwendo ukipanda joto nalo hupanda, kwa hiyo niliagiza kipoozi kikubwa cha prosesa kutoka Kampala, kikaja kwenye matatu kilomita kama 130 kikiwa kimepakatwa kama mtoto. Ni kile cha mnara: mabomba manne ya shaba, mapezi ya alumini yamebanana kama kurasa za msahafu, na feni ya milimita 120 yenye taa za buluu. Taa hizo zikumbuke. Nikafuta pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto toka prosesa hadi kipoozi, kwa spiriti, nikaweka mpya tone moja la ukubwa wa choroko, nikakaza skrubu za pembe kwa pembe ili kipoozi kisilalie upande.

Ndani ya bayosi sikukurupuka. Prosesa ile inapata mwendo wake kwa kuzidisha megahezi 100 mara 33. Nikapanda 36, 38, 40, na kila hatua naitesa kwa Prime95, programu ya kuichosha prosesa, huku macho yako kwenye kipimo cha joto kama mama anayechemsha maziwa. Volti ndizo nilizoziogopa zaidi. Ukiongeza mwendo, joto linaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ukiongeza volti, joto linakuja na ndugu zake, maana volti inazidishwa kwa yenyewe. Nikasimama kwenye 42, volti 1.26, nyuzi 66 mashine ikiwa kazini kabisa. Prosesa ile huanza kujipunguza mwendo ikikaribia nyuzi 98. Yaani nilikuwa na nafasi ya kutosha, hata ya kujisifu.

Kasoro ilikuwa ndogo tu. Kipoozi kina kimo cha milimita 159, kasha langu lilikubali 150. Ubavu wa kasha ukagoma kufunga. Nikauegemeza ukutani, nikafungua dirisha ili hewa baridi ya usiku iingie, nikawasha taa ya studio nitazame kazi yangu mara ya mwisho, nikaiamuru mashine itoe video, kisha nikajinyoosha kitandani dakika tano.

Sasa, ilikuwa Novemba. Ng'ambo ya barabara, juu ya ghorofa, wategaji walikuwa wamesimamisha mabati yao, mapipa chini, moshi wa nyasi mbichi unafuka, na taa kali za kuumiza macho. Senene anafuata mwanga, moshi unamlevya, anagonga bati, anateleza hadi ndani ya pipa. Masaka watu wanajenga nyumba kwa biashara hiyo.

Saa sita hivi umeme ukakatika. Mtaa mzima kiza, na taa za wategaji zikazima. Mimi nina betri na inveta kwa sababu ya kazi, kwa hiyo sikujua lolote. Katika mtaa ule dirisha lililobaki linawaka lilikuwa moja, na nyuma yake kuna taa ya kumulikia maharusi na kitu kinazunguka kwa rangi ya buluu.

Nilizinduliwa na mlio: trrrr-tak, trrrr-tak, kisha kimya. Nikadhani mvua imeanza. Kufumbua macho, ukuta unatembea. Senene kwenye pazia, senene kwenye kibodi, mmoja amekaa juu ya kioo kwenye uso wa bibi harusi. Nikakimbilia kwenye kasha. Yule mnene kuliko wote alikuwa amejibana kati ya panga la feni na fremu yake, feni imesimama. Kipimo kinasoma nyuzi 97, na video iliyobakiza dakika ishirini sasa imebakiza saa mbili.

Nikazima, nikachukua tochi nichungulie. Feni, kabla ya kukwama, ilikuwa imefanya kazi nzuri sana. Mabawa na miguu, vile vitu ambavyo bibi yangu angekaa mchana kutwa akivinyonyoa, vilikuwa vimenyonyolewa tayari na kusukumwa katikati ya mapezi, miguu yenye miiba imejibana kama nyama kwenye meno. Miili yenyewe imepangana kwenye alumini ya moto, inatoa mafuta taratibu. Sitadanganya, mate yalinijaa mdomoni.

Hapo mlango ukagongwa kijeshi. Mzee mwenye nyumba ni askari mstaafu, Kiswahili chake ni cha kambini.

"Wewe mtoto ya Bukoba! Nani anachoma ukoo yangu?"

"Shikamoo Mzee."

Hakuitika. Akaingia, akanusa, akamulika kasha, akanyamaza kwa muda mrefu.

"Mwaka 1979 nyinyi Watanzania mlipiga hii Masaka na mizinga. Sasa umerudi na kompyuta?"

"Mzee, ni kipoozi tu. Kilikuwa kirefu, ubavu haukufunga..."

"Toa wote ambao nahema. Moja moja. Usikanyage."

Basi saa nane za usiku nikawa napiga magoti chumba kizima, nawaokota walio hai naweka kwenye sufuria, Mzee ananimulikia na kuhesabu kama gwaride. Tulipofika 112 akasema inatosha, akaenda kuwaachia kwenye migomba mwenyewe.

"Na hawa wa ndani, Mzee?"

Akakitazama kipoozi, akageuza uso. "Hao mimi sijaona."

Hatua zake hazijapotea uani, mkewe akatokea mlangoni na bakuli, chumvi, na kitunguu kimeshakatwa.

"Mwana wange," akaninong'oneza, "mimi ni wa ukoo wa samaki kamongo."

Video niliikabidhi saa tano asubuhi, kwa gigahezi 3.3, mteja amenuna. Mapezi nimeyasugua kwa brashi ya rangi mara nne, na kasha nimenunua jipya, pana. Lakini kuna mguu mmoja ulibaki ndani kabisa, siufikii. Nikianza kutoa video ndefu, mashine ikigusa nyuzi 65, mke wa Mzee anaacha kufagia, anapita dirishani polepole na kuuliza kama leo kuna kazi nyingi.