Si chiriku tu

Jumamosi iliyopita, tukiwa ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, upande wa Gede, mpwa wangu alimwuliza kijana aliyekuwa akitutembeza ni ndege gani wale wadogo wa manjano. Kijana alijibu bila kuinua macho: "Hao ni chiriku tu, mdogo wangu. Twende haraka tukamwone bundi."

Hiyo "tu" imenikaa rohoni hadi leo. Chiriku ni mla mbegu, mwenye mdomo mfupi mnene. Wale juu ya mbambakofi walikuwa na midomo myembamba ya wala wadudu. Kwa jina la kisayansi walikuwa Erythrocercus holochlorus, ndege wa sentimita 9 hivi, mgongo wa kijani, kifua cha rangi ya manjano yale yale ya jikoni. Walikuwa watano wasiotulia hata kidogo, wakirukia jani hili na lile huku wakikunjua mikia na kuikunja kama upepeo, na mmoja aliruka hewani mara moja, akanasa mdudu, akarudi tawini pake.

Bundi wa Sokoke anastahili kuonwa, sikatai, kwani yumo hatarini kweli. Nakubali pia kwamba orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, haimhesabu huyu mdogo miongoni mwa walio hatarini, na kwamba palipo na msitu si vigumu kumpata. Lakini msitu wenyewe uko wapi? Duniani kote ndege huyu anaishi katika ukanda wa pwani yetu peke yake, kuanzia kusini mwa Somalia, kupitia Kenya, hadi Tanzania, na katika ukanda huo Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio msitu mkavu mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Mingine mingi ni vipande vilivyozungukwa na mashamba. Wingi wake hauzidi wingi wa majani anamowinda, na kila tanuri la makaa linalowashwa msituni linampunguzia makao, hata kama hakuna orodha itakayobadilika mwaka huu. Najua mchoma makaa ana watoto wa kusomesha. Ndiyo maana nawaheshimu wakulima wa Gede ambao tangu 1993 wamekuwa wakifuga vipepeo na kupata riziki msitu ukiwa umesimama.

Kijana yule anaujua msitu kuliko mimi. Namwomba jambo moja: siku nyingine mtoto akiuliza, ampe darubini dakika mbili kabla ya kwenda kwa bundi.