Picha ya mkono iliyokatwa kiwiko isipokelewe

Picha ya eksirei ya mkono uliovunjika, kama haionyeshi kiwiko na kifundo cha mkono vyote viwili, mimi naihesabu haijakamilika, hata kama mvunjiko wenyewe unaonekana waziwazi. Nawafikiria hasa watoto wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa wanaoanguka kutoka kwenye mikwaju na miembe, wakatanguliza kiganja, kisha wakaletwa Dodoma mjini wamefungwa vijiti na kanga.

Mifupa ya mkono wa chini ni miwili, radiasi upande wa kidole gumba na ulna upande wa kidole kidogo, nayo imefungamana juu na chini. Ni kama fremu ya mlango: mhimili mmoja ukivunjika na kufupika, kona mojawapo huachia. Ulna ikivunjika, uliza kichwa cha radiasi kiko wapi pale kiwikoni. Kikiwa kimechomoka, huo ni mvunjiko wa Monteggia. Radiasi ikivunjika huku ulna ikateguka kwenye kifundo, ni Galeazzi, na kwa mtu mzima huo karibu kila mara unahitaji upasuaji.

Tatizo ni kwamba jicho hukimbilia palipovunjika. Kipimo chenyewe ni rahisi: chora mstari katikati ya shingo ya radiasi; lazima uangukie kwenye kapitelamu, ule uvimbe mdogo wa mfupa wa juu ya kiwiko, katika picha ya mbele na ya ubavu. Usipoangukia hapo, kiungo kimeachia. Kwa mtoto, kikigundulika mapema, mara nyingi ulna ikinyooshwa kichwa cha radiasi nacho hurudi mahali pake, anafungwa P.O.P. (plasta ngumu). Kikikaa miezi, ni upasuaji mgumu, na kiwiko huenda kisikunjike tena vizuri. Na tusiseme gharama. Mkono wa mtoto mdogo unaenea kwenye kaseti moja ya eksirei, lile bamba linalopokea picha. Kumrudisha mama Mpwapwa aje tena na nauli nyingine ndiyo gharama.

Monteggia aliueleza mvunjiko huo Milan mwaka 1814, na Colles wa Dublin akaandika kuhusu ule wake, wa radiasi karibu na kifundo cha mkono, mwaka huohuo. Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895. Monteggia na Colles walitumia vidole. Basi kiwiko kiguswe kabla fomu ya eksirei haijajazwa.

Majina haya nayapenda, lakini barua ya rufaa yenye neno “Colles” tu haimsaidii sana daktari anayempokea mgonjwa. Aandikiwe mfupa upi, umevunjika wapi, kipande cha chini kimeelekea mgongo wa mkono au kiganjani, ufa umeingia kwenye kiungo au la, ngozi imepasuka au la, vidole vina hisia au vimekufa ganzi. Kwa mtoto, aongeze kama ufa umegusa sehemu ya ukuaji. Salter na Harris walitupa madaraja yake tangu 1963.

Lipo moja ambalo hata picha kamili hulificha. Dereva wa bodaboda aliyeangukia kiganja, akaumia ukimbonyeza kwenye kishimo cha chini ya kidole gumba, asiruhusiwe aende zake kwa sababu picha ni safi. Skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo ulio chini ya kishimo hicho, ikivunjika, ufa huweza kutoonekana siku za mwanzo, na kwa kuwa damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, kipande cha upande wa pili huweza kufa. Afungwe, apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake kabla hajaondoka.