Nukta za ubavuni mwa shingo ya gitaa: zibaki au ziondoke?

Mpiga gitaa la umeme haioni vizuri sura ya gitaa lake. Anayeiona ni mtazamaji aliye mbele yake. Mpigaji akiinamisha macho anakutana na ukingo wa shingo, na hapo ndipo zilipo nukta ndogo, kipenyo kama milimita 2 hivi, za kumwonyesha mkono uko freti gani (freti ni waya za chuma zilizokatiza shingo, na kila nafasi huhesabiwa kwa namba ya waya wake): ya 3, 5, 7, 9, kisha mbili kwa pamoja kwenye ya 12, halafu mpango unaanza upya, 15, 17, 19, 21. Wapo wanaotaka shingo iachwe tupu. Mimi gitaa lisilo na nukta hizo silinunui, ila hoja yao si ya kupuuzwa.

Wanasema fidla haina freti wala nukta, na mpigaji anaipata noti kwa sikio na mazoea ya mkono. Gitaa la klasiki nalo mara nyingi halina alama usoni, na ubavuni likijaliwa huwa na nukta moja tu, freti ya 7. Aliyelelewa na nukta huhesabu kwa macho badala ya kusikiliza. Hilo limenigusa: kuna nyimbo nilizijua kwa miaka kama “toka nukta ya pili, ruka hadi ya nne”, nikiulizwa noti gani, kimya.

Lakini mfano wa klasiki umekaa upande. Mpigaji wake huketi, shingo imeinuliwa karibu na uso, na kwa kawaida mwili wa gitaa unaanzia freti ya 12, kwa hiyo kiganja chenyewe kinapata kizuizi cha kumwambia amefika wapi. La umeme linaning'inia kwa mkanda, lina freti 21, 22 au hata 24, na mwili umekatwa ili mkono upite bila kugusa kitu. Tena freti hazilingani upana. Uzi ukiwa na urefu wa milimita 648, nafasi ya freti ya kwanza ni kama milimita 36. Ya 12 ni 19 tu. Kipimo ambacho mkono umekizoea huku chini, kule juu kinadanganya. Niliwahi kuruka kwenda freti ya 12 taa za jukwaa zikiwa zimefifia, nikatua ya 11. Nusu toni! Hakuna kosa linalosikika haraka kama hilo.

Kwa hiyo ugomvi wangu na nukta ni mwingine: hazionekani inavyotakiwa. Nukta nyeupe ikitobolewa pale ubao mweusi unapokutana na mti mweupe wa shingo, nusu yake inamezwa. Siku hizi zipo zinazong'aa gizani baada ya kupigwa na mwanga, na hizo nazipendelea kuliko urembo wowote wa gamba la chaza usoni.

Na kuna mtego ambao anayeanza haambiwi. Nukta hukaa katikati ya nafasi, si kwenye waya. Inakuonyesha chumba, haikuonyeshi ukuta. Kwa kubonyeza haina shida. Kwa hamoniki, ile sauti nyembamba kama ya kengele, ambapo uzi unaguswa tu juu ya waya wenyewe bila kubonyezwa, ukiifuata nukta ya 12 unakosea kwa karibu milimita 10 na uzi unakuwa bubu. (Ukulele nyingi, kwa njia, huweka alama freti ya 10 badala ya 9, anayehama chombo ajihadhari.)

Besi isiyo na freti ndiyo inayochanganya kabisa. Hapo kidole ndicho waya, kwa hiyo watengenezaji wengi huhamishia nukta pale freti ingekuwa, lakini nyingine zimebakizwa katikati kama za besi ya kawaida. Kabla hujapiga besi usiyoijua, gusa uzi kidogo juu ya nukta mbili za 12 na uukung'ute. Hamoniki ikilia safi, nukta ziko kwenye mstari. Isipolia, sogeza kidole kuelekea upande wa mwili mpaka ilie, na hapo ndipo noti ilipo.