Mkaa, gesi au umeme: maharage ndiyo yaanze kuhama

Ushauri mwingi wa kutunza mazingira haumgusi mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam. Aache gari wakati hana gari, apunguze nyama wakati nyama anaila sikukuu, asipande ndege. Uamuzi wake wenye uzito hasa uko jikoni, na huko ndiko kwenye ubishi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameshahamia nishati safi ifikapo 2034, na mtungi wa gesi ndio unaopigiwa debe zaidi. Wapo wanaohoji: gesi hiyo ni zao la visima vya mafuta na gesi, haioti tena ikishachomwa, ilhali mkaa unatokana na mti. Kwa nini basi mpika kwa mkaa ndiye aitwe mharibifu?

Hoja hii si ya kubeza. Miti ya miombo, yaani misitu ya nyanda kavu inakotoka mkaa mwingi, ikikatwa vizuri huchipua kwenye visiki vyake yenyewe. Wilayani Kilosa, vijiji vilivyoingia kwenye mpango wa mkaa endelevu viligawa eneo la uvunaji katika vipande vya mita 50 kwa 50, vikavuna kwa kurukaruka kama ubao wa drafti, na kipande kilichovunwa kikapangiwa kupumzika miaka 24. Hapo hewa ukaa inayotoka jikoni ina machipukizi ya kuinyonya. Tatizo ni kwamba anayenunua mkaa kwa kopo mtaani hana njia ya kujua kama umetoka kwenye msitu wa namna hiyo, na mara nyingi hata muuzaji hajui.

Halafu kuna tanuri. Tanuri la kawaida la kufukiwa udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Kinachobaki huondoka kama moshi wenye methani ndani yake, gesi inayopasha anga joto kuliko hewa ukaa, na methani hainyonywi na mti hata ukiota upya. Tanuri la Casamance, lenye dohani ya kuongoza hewa, laweza kufikisha kilo 25 hadi 30, lakini linahitaji mafunzo na mtaji ambao mchomaji wa kuhamahama hana. Jikoni nako kuna upotevu: jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria asilimia 15 hadi 20 tu ya joto la mkaa, jiko banifu lenye ufinyanzi hufika 25 hadi 30, jiko la gesi 50 hadi 60. Ukizidisha hayo na nguvu iliyomo kwenye kila nishati, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu hivi za mkaa, au zaidi. Na kilo moja ya chochote kati ya hivyo viwili, ikiungua, hutoa takriban kilo tatu za hewa ukaa. Kwa hiyo "mkaa unaota tena" ni kweli kwa msitu unaosimamiwa. Kwa kopo la mtaani, gesi inashinda bila hata kuhesabu madhara ya moshi kwenye kifua cha mpishi.

Ila mkaa una nguvu moja ambayo mikakati huisahau: unanunulika kwa fedha ya leo. Gesi, hata mtungi mdogo wa kilo 6, inadai fedha ya wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana nyumba nyingi haziachi mkaa, huongeza gesi pembeni, ikiisha katikati ya mwezi jiko la mkaa linarudi. Kuwalaumu ni kupoteza muda. Swali la maana ni chakula gani kitoke kwenye mkaa kwanza.

Jibu ni maharage, na jamaa zake makande na kunde. Nusu kilo ya maharage yasiyolowekwa huchemka saa mbili hadi tatu na yaweza kumaliza kilo nzima ya mkaa, yaani kilo 5 hadi 10 za kuni huko porini. Kwenye jiko la presha la umeme la lita 6, wati 1,000, chungu hicho hakizidi sana nusu uniti, kwa sababu likishapata presha hujizima na kujiwasha kidogo kidogo.

Loweka usiku kucha, mwaga maji, weka mapya yapite maharage kwa vidole viwili. Maharage na maji visizidi nusu ya sufuria: povu huinua maganda hadi kwenye tundu la kutolea mvuke na kuliziba. Dakika 25 hadi 30 zinatosha, yasiyolowekwa 45 hadi 60. Presha iachwe ishuke yenyewe, kisha ndipo uunge kitunguu, nyanya na tui. Mvuke ukitoka pembeni, mpira wa mfuniko umekaa vibaya au umelegea. Jiko halitapata presha na litakula umeme bure. Sufuria ya ndani ifutwe maji chini kabla ya kurudishwa, la sivyo sahani ya joto huharibika. Jiko hilo huvuta ampea 4 na ushee, hivyo lichomekwe ukutani, siyo kwenye ekstensheni yenye waya mwembamba. Umeme ukikatika katikati, usifungue. Joto lililomo linaendelea kuivisha.

Ugali, chapati na chai viende kwenye gesi. Mwali ukiwa wa njano na sufuria zikaanza masizi, vitundu vimeziba au hewa haiingii vizuri. Mpira wa gesi ukaguliwe kwa povu la sabuni kila ubadilishapo mtungi. Mkaa ubaki kwa mishikaki. Ukimaliza, makaa yazimwe ndani ya debe lenye mfuniko ili yatumike tena, na jiko lisiingizwe chumba cha kulala hata siku ya baridi, maana gesi yake yenye sumu haina harufu.

Wapenzi wa umeme wana jambo lao wasilolitaja. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na gridi imekuwa safi zaidi kwa sababu yake. Lakini mteja wa daraja la D1, yaani la nyumba zinazotumia umeme kidogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi; zinazozidi hutozwa 350. Maharage mara tatu kwa wiki ni kama uniti 6 kwa mwezi. Kila kitu hadi chai kikihamia kwenye sahani ya umeme, nyumba yenye friji inavuka 75 kirahisi, na adhabu inamwangukia yuleyule aliyeitikia wito. Mpangaji anayechangia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, na wenzake ana kazi zaidi, kwani uniti za nyumba nzima huhesabiwa pamoja.

Kabla ya kununua jiko la umeme, jumlisha uniti za LUKU za miezi mitatu, gawa kwa tatu. Ikitoka chini ya 60, nafasi ya maharage ipo tele. Ikikaribia 75, anza na gesi, na maharage yalowekwe hata kama yatapikwa kwa mkaa.