Kiti kitupu nacho hutoa moshi

Abiria akishuka kwenye kiwanja cha ndege cha Manda, kabla hata hajapanda boti ya kuvukia Amu, yaani mji wa Lamu, huenda ameshashawishiwa kupanda mkoko ili kufidia moshi wa safari yake. Mkoko una faida zake, kuanzia kaa hadi boriti, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Ila mche huchukua miaka kunyonya kilichotoka angani kwa saa moja. Mimi ningeuliza kwanza: ndege imechoma kilo ngapi za mafuta, na imebeba watu wangapi?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Inazidi uzito wa mafuta kwa sababu kaboni hushikana na oksijeni ya hewani. Hapa wengi huteleza: huchukua lita wakazidisha kwa 3.16. Lita ina uzito wa kama kilo 0.8, hivyo hutoa kilo 2.5 tu.

Tuseme ndege ya rafadha yenye viti 76 imetoka Nairobi hadi Manda ikachoma kilo 1,200. Hewa ukaa ni kilo 3,792. Ikijaa, kila abiria ana kilo 50. Ikiwa na watu 38, kila mmoja ana karibu 100, maana mafuta hayapungui nusu eti kwa kuwa abiria ni nusu. Uzito mkubwa ni wa ndege yenyewe. Kampuni inayogawanya kwa viti badala ya vichwa inajipendelea.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaonung'unikia ndege ya Lamu kupitia Malindi. Kupaa mara mbili hula mafuta, sikatai. Lakini hata zikiongezeka kilo 400, ni 1,600 kwa ndege moja, badala ya karibu 2,400 za ndege mbili zilizo nusu tupu, moja ya Lamu na moja ya Malindi. Mwezi wa Mei, mvua zikishika na hoteli zikifungwa, safari hizo zingeunganishwa kila siku.

Mpango wa CORSIA wa mashirika ya ndege kufidia hewa ukaa, ulioafikiwa mwaka 2016, unagusa safari za kimataifa peke yake, Nairobi–Malindi haimo. Tiketi zetu tayari hutaja kilo za mzigo unaoruhusiwa. Ziongezewe mstari mmoja: kilo za mafuta kwa kila abiria aliyesafiri, wastani wa mwezi uliopita.