Pera la Usiku, Msuli na Bibi wa Kijani

Najua mmeshasikia. Najua kwa sababu tangu juzi simu yangu haipumui na kila anayenitumia meseji ananiita Ular, hata salamu hakuna. Sasa kabla sijaanza niseme hivi: Chumvi (sio jina lake, ila ndo kazi yake, kila stori lazima aongeze) kaweka voisi ya dakika nne kwenye grupu la wabongo wa Kuala Lumpur, na humo ndani kuna uongo wa aina tatu. Kwanza, sikulia. Pili, yule mdudu hakuwa saizi ya paka. Tatu, sikumwambia mtu yeyote madeni yangu alipe nani. Mengine yote, na inaniuma kusema, ni kweli.

Haya. Raya, yani Idi ya baada ya Ramadhani. Wale mliosoma Malaysia mnajua Raya ikifika KL inabaki tupu, kila mtu karudi kwao, wenyewe wanaita balik kampung, na wewe mgeni usipopata wa kukualika unakula tambi za maji moto peke yako hosteli huku unaangalia picha za watu. Sisi, mimi na Chumvi, tukaalikwa na Hafiz, darasa moja na mimi, kwao ni jimbo la Perak, upande wa Tapah, nyumba ya mbao imesimama juu ya nguzo na nyuma ya choo msitu unaanza, sio kichaka, msitu.

Makcik, mama yake Hafiz (kule kila mama wa makamo ni makcik na kila baba ni pakcik), alitupokea kama vile sisi ndo tumezaliwa na yeye ndo mgeni. Siku tatu tunakula rendang (nyama ya viungo), ketupat (wali uliofungwa kwenye majani), na lemang, yani mchele wa kunata unapikwa na tui la nazi ndani ya mwanzi juu ya moto, mtu wa Tanga ukionja hiyo unamkumbuka marehemu. Tatizo lilikuwa moja. Kule mgeni haruhusiwi kufanya kitu. Ukishika sahani unanyang'anywa. Ukisogelea ufagio makcik anaguna.

Na pale uani kulikuwa na mpera.

Mimi na mapera tumetoka mbali. Siku ya kwanza nikaonesha kwa kidole, nikasema jambu batu, ndo jina lake kule, basi makcik akamtuma kijana, likachumwa, likaoshwa, likamenywa, likakatwa vipande, likanyunyiziwa ule unga wao mchachu wa asam boi, likaja kwenye sahani na uma. Pera. Na uma. Jamani pera linaliwa na maganda yake, umesimama, chumvi na pilipili mkononi. Nilikula kwa adabu nikashukuru lakini roho haikutulia, na mbaya zaidi mezani nilishajitapa kwamba sisi kwetu miti tunapanda tangu hatujaota meno.

Kitu kingine, na hiki naomba kiingie kwenye rekodi kwa utetezi wangu: jioni ile ile Hafiz alikaa akatuhadithia kuhusu nyoka wa kijani wa kule, mwenye sumu, anakaa kwenye tawi moja siku nzima hatikisiki, unaweza kumshika ukidhani ni jani. Nani anahadithia wageni kitu kama hicho halafu anaenda kulala?

Sasa. Saa tano na kitu usiku. Pakcik anakoroma. Chumvi yuko barazani anachati na mtu ambaye hamjibu. Mi nimevaa msuli niliopewa zawadi ya Raya, mpya, wa kijivu na mistari ya zambarau, nikachukua chumvi na pilipili ya unga jikoni nikavifunga kwenye kikaratasi, nikakichomeka kiunoni, nikapiga ubinda kama mvuvi, tochi ya simu nikaiwasha, simu nikaibana kwa meno, nikapanda.

Kupanda nilipanda vizuri. Hilo hata Chumvi hajalipinga.

Pera nikaliona. Limeiva, njano, limening'inia peke yake, na pembeni yake majani mawili makubwa ya kijani kibichi. Mkono wa kushoto nimeshika tawi, wa kulia nikanyoosha. Jani moja likanikwepa.

Nikaganda. Nikajiambia upepo. Hapakuwa na upepo, hata zile nguo za kwenye kamba zilikuwa zimenyooka wima. Nikajiambia ni kivuli cha tochi. Nikapeleka mkono tena polepole, vidole vikagusa kitu kigumu, kikavu, kina vichomi, kama ganda la kaa. Nikasema moyoni, kaa anafanya nini juu ya mpera? Afu lile jani likanyanyua makalio.

Wallahi siongezi. Liliinama mbele, nyuma kukapanda juu, miguu miwili ya nyuma ikafunguka hewani ina miiba kama ya mchongoma, na mgongoni vikafunguka vibawa vifupi, vina wekundu kwa ndani, na vikaanza kutoa sauti. Ksssssss.

Nyie niambieni ukweli. Kijani, juu ya mti, usiku, Perak, linafanya ksss. Nawe ndo kwanza umetoka kuhadithiwa. Ungesema ni nini? Wewe uliyeweka emoji ya nyoka jana kumi na mbili mfululizo, nimekuona, ungesema ni nini?

Kabla sijajibu ile miguu ikafunga. Kwenye kifundo cha mkono, pap, kama kibanio cha nguo chenye meno. Maumivu hayakuwa makubwa, nakiri leo, ila wakati ule akili ilishapiga hesabu: meno, sumu, dakika kumi, mama Tanga anapigiwa simu. Nikapiga kelele nyoka. Sasa kusema nyoka na simu mdomoni inatoka "ngyoha". Nikasema ngyoha mara mbili, ya tatu mdomo ukafunguka vizuri, simu ikaenda, ikatua chini kifudifudi, tochi ikabaki inaangalia juu, ikanimulika kutokea chini kama msanii aliyepanda jukwaani.

Hapo ndo kikaratasi kilipopasuka. Nadhani nilijikunja, sijui, ila pilipili yote ilipanda juu na mimi nilikuwa nimefumbua macho kwa nguvu zangu zote. Kwa hiyo yale machozi mnayoambiwa, yale yalikuwa ya pilipili, nataka tuelewane.

Nikashuka. Chumvi anasema nilianguka, mi nasema nilishuka kwa haraka. Mimi nikaenda chini, msuli haukuja. Ubinda ulinasa kwenye kisiki cha tawi lililokatwa na ukabaki huko huko, na mimi nikatua uani na bukta, bukta ya timu, timu sitaitaja maana Chumvi kaitaja mara nne.

Nikaanza kukimbia nikizunguka mti, nyoka, nyoka, jamani nyoka! Hakuna aliyetoka. Kwa sababu gani? Kiswahili na Kimalei vina maneno kibao yanayofanana, habari kwao ni khabar, sabuni ni sabun, wakati ni waktu, dunia ni dunia hivyo hivyo, lakini nyoka, neno pekee ambalo mimi nililihitaji maishani mwangu, hilo hapana. Nikaona taa moja inawaka, sauti ya usingizi inauliza kitu, ndo likanijia. Ular! ULAR!

Mabibi na mabwana, kijiji kilihamia pale. Raya hiyo, kila nyumba ina watu kumi na tano, kila mtu ana tochi. Pakcik kashuka ngazi na panga, anakohoa. Vijana wana fimbo. Mama wa jirani kabeba mwiko. Na mimi nimesimama katikati ya ua, bukta, mkono wa kulia nimeunyoosha mbali kama sio wa kwangu, macho nimeyafumba yanawaka moto, natoa shahada kwa sauti ya juu. Na shahada sasa, hiyo wote waliielewa. Kukawa kimya. Kuna wanawake wakaanza kuitikia. Mzee mmoja, Mungu ampe umri, akasogea karibu yangu akaanza kunisomea Yasin.

Niliisikia. Nikaijua ni Yasin. Nikasema basi, ndo imeisha.

Sijui ilikaa muda gani. Kwangu mimi ilikaa kama foleni ya visa. Afu nikasikia kitu kidogo kinanivuta kidole, nikafumbua jicho moja, ni mtoto wa dada yake Hafiz, wa miaka saba hivi, na nguo za kulalia, kanimulikia tochi mkononi, kaangalia, kageuka kwa watu, katamka neno moja tu. Belalang.

Panzi.

Mzee wa Yasin akanyamaza katikati ya aya.

Na kweli hakuwa nyoka. Nikamwona sasa, kakaa kwenye mkono wangu kama bangili ya gharama, mnene, kijani cha embe bichi, urefu kiganja kizima na vidole, miiba kila mahali, ananiangalia. Hata panzi sio, ni ukoo wa wale wadudu vijiti, wale wembamba unadhani ni njiti imeanguka, ila huyu ni kijiti kilichoenda jimu. Nikataka kumng'oa, mtoto akanipiga kibao cha mkono, jangan, usivute. Akachuma kitawi cha mpera akakisogeza mbele ya uso wa yule mdudu, akasubiri. Watu wote wakasubiri. Pakcik na panga lake akasubiri. Yule bibi wa kijani akalegeza mguu mmoja, akafikiri, akalegeza wa pili, akapanda kwenye kitawi taratibu kama mama mtu mzima anapanda daladala na vikapu vyake, na hapo hapo, mbele ya mashahidi wote, akaanza kula jani.

Aliyeanza kucheka ni Pakcik. Nilidhani ni kile kikohozi.

Mengine haraka haraka. Kwenye mkono nilikuwa na vitundu vidogo vidogo, nikapakwa mafuta ya dawa, nikaoshwa macho kwa maziwa, nikapewa msuli mwingine, makcik akanikalisha sebuleni akanipa balang la kioo la biskuti za Raya nijiliwaze, nikalipokea, likaniponyoka, likapasuka vipande mia. Bibi yangu alikuwa anasema ukimshika vunjajungu chombo cha kwanza utakachogusa kitavunjika. Huyu sio vunjajungu, najua, msinifundishe, ila bibi hakutaja mipaka.

Sikulala. Nikabaki nasoma habari za huyu mwanamke. Anaitwa Heteropteryx dilatata, yuko kwenye vitabu vya sayansi tangu 1798, yani zaidi ya miaka 200 dunia inamjua na hakuna aliyeniambia. Hana sumu hata tone. Ana uzito wa kufika gramu 50 na zaidi, fikiria yai la kuku lenye miiba, na anahesabiwa kati ya wadudu wazito kabisa duniani. Hawezi kuruka, vile vibawa kazi yake ni ile ksss tu, kutishia watu wanaojitapa. Dume lake ni la kahawia, jembamba, ndo lenye mabawa ya kurukia, na nikiangalia mke wake alivyo naona kabisa kwa nini lilipewa njia ya kukimbia. Chakula anapenda majani ya mpera. Ilikuwa imeandikwa hapo wazi. Na anakula usiku. Kwa hiyo nilimfuata mtu mezani kwake saa ya chakula nikamshika kiuno, angenifanyaje?

Nikasoma pia kwamba huko Sabah, Malaysia hiyo hiyo ila upande wa Borneo, kuna ndugu yake anaitwa Phobaeticus chani, kapewa jina 2008, ukimnyoosha na miguu anafika sentimita 56 na kitu. Zaidi ya nusu mita. Nina rafiki wa Sabah kanialika Raya ijayo. Nimemwambia nitaangalia ratiba.

Asubuhi yake nikaletewa pera kwenye sahani, limemenywa, uma pembeni. Nikala lote.

Sasa kilichonifanya niandike leo sio Chumvi, Chumvi nimemzoea. Ni picha aliyonitumia Hafiz jana jioni. Unajua wenzetu Raya yao sio siku moja, ni mwezi mzima wa Shawwal watu wanatembeleana, na ule msuli wangu wa kijivu bado uko juu ya mpera vile vile, unapepea. Namuuliza kwa nini hamjautoa, si mna ngazi? Anasema makcik kakataza. Wageni wakishakula anawatoa uani kwanza, anawaonesha.

Zimebaki siku kumi na nane.